Uzinduzi wa Kompyuta Iliyozimika

Katika ofisi ile ya Kijenge kulikuwa na watu wa kila namna, na karibu wote walikuwa wakiandaa semina. Shirika lenyewe lina jina refu mno. Wenyewe hulifupisha kwa herufi, na herufi zenyewe hazitoshi kwenye muhuri. Kazi yake ni kuwainua watu wenye ulemavu wa vijiji vinavyozunguka Mlima Meru. Limewainua kwa fulana, kwa kofia, kwa mabango na kwa maandamano, na kila mwaka huandika ripoti kueleza jinsi wanavyozidi kuinuka. Mtu mwenye ulemavu aliyeajiriwa na shirika hilo alikuwa mmoja tu, naye ni Simaloi, mpokea simu.

Simaloi haoni. Surua ilimpofusha akiwa mtoto, kwao juu ya Ngaramtoni. Wazazi wake wakampeleka shule ya bweni ya wasioona, mbali huko, akarudi anajua breli, anajua kupiga chapa, na ana mdomo ambao mama yake aliapa hakuondoka nao nyumbani. Ni mwanamke mnene, anayejipenda. Rangi za vitenge vyake anazijua zote, kwa kuwa humhoji fundi cherehani mpaka fundi anatokwa jasho. Hapendi kushikwa mkono na mtu ambaye hakuombwa. Zaidi ya hapo hapendi wale wanaomsemesha kwa kupaza sauti.

"Sioni," huwaambia. "Kusikia nasikia."

Lakini kitu alichokichukia kuliko vyote duniani kilikuwa andazi la ziada, na hilo lina kisa chake.

Zamani kidogo, kabla hajapata kompyuta ya kusema, barua pepe zake zilisomwa na yeyote aliyekuwa karibu na hana haraka. Wakati huo Simaloi alikuwa amechumbiwa na Sadoki wa Maji ya Chai, muuza mabati na misumari. Posa ilishapelekwa, mbuzi alishaliwa, na kwaya ya usharika ilishaanza kubishana itaimba wimbo gani. Sadoki akabadili mawazo. Kwa kuwa hakuwa mwanamume wa kusema mambo ana kwa ana, akaandika barua pepe. Aliyemsomea Simaloi barua hiyo alikuwa mhasibu, huku akitafuna hindi la kuchoma. Mhasibu alisoma kwanza kimoyomoyo, Simaloi akasikia taya zinasimama. Kisha akasema "Mh," akameza, na akaanza kusoma kwa sauti ile ile anayosomea bajeti.

Ilipofika chai ya saa nne ofisi nzima ilikuwa inajua. Hakuna aliyesema neno. Mpishi alileta chai, na Simaloi alipopapasa sahani akakuta maandazi mawili badala ya moja. Simaloi alimsamehe Sadoki baada ya mwaka. Lile andazi hajalisamehe hadi leo. Kilichomuuma hakikuwa huruma yenyewe, bali kwamba kila mtu, hadi mpishi, alijua habari za maisha yake kabla yake mwenyewe.

Aliyemponya alikuwa Yiamat, fundi wa kompyuta wa shirika wakati ule, ambaye sasa amestaafu na anafuga ng'ombe Ngaramtoni. Yiamat alimweleza kwamba kompyuta ikiwashwa haiamki yote kwa mpigo. Kinachoamka kwanza ni kerneli, kiini cha mfumo mzima, kama mama mwenye nyumba anayeamka kabla ya wote kuwasha jiko. Yeye ndiye anayeamsha kibodi, diski, skrini na wengine. Sauti nyingi za kuwasomea wasioona huamka mwisho kabisa, baada ya mtu mwenye macho kufungua mlango. Yiamat aliipachika sauti ya Simaloi ndani ya kerneli yenyewe. Kerneli ikifumbua macho, sauti inasema. Na siku mambo yakiharibika, skrini ikajaa malalamiko na programu nyingine zote zikakata roho, sauti hiyo inaendelea kusoma malalamiko mpaka la mwisho.

Ilitoka kwenye kisanduku cha zamani kilichochomekwa nyuma ya mashine. Ilikuwa sauti ya mzee wa Kizungu mwenye mafua, na Kiswahili ilikisoma kwa tabu, ikivunja kila neno pasipovunjika. Wafanyakazi waliiita Mjomba, kwa sababu ilisema bila kuulizwa na hakuna aliyethubutu kuinyamazisha. Simaloi aliipenda siku hiyo hiyo. Kila asubuhi alibonyeza swichi, Mjomba akakohoa habari za diski zake, akaomba jina, akaomba neno la siri. Simaloi akaandika, akavaa hedifoni, na kuanzia hapo mambo yake yakawa yake.

Aliishi hivyo miaka, na ingewezekana aendelee hivyo mpaka astaafu. Lakini Yiamat alipoondoka, shirika likamwajiri Brayson.

Brayson ni kijana mzuri, tuseme ukweli. Ana shahada, ana adabu, na kitambulisho cha kazi huning'inia shingoni mwake hata akienda kununua ndizi. Alikuwa na ugonjwa mmoja tu: kupunguza. Aliona kompyuta za ofisi zinachelewa kuwaka, akaamua kutengeneza kerneli mpya, nyembamba, isiyo na mizigo. Akaipitia ile ya zamani kitu kimoja kimoja, na kila alichokuwa hakijui akakitupa. Alipofika kwenye sauti ya Mjomba akauliza, chumbani alimokuwa peke yake, "Hii nayo nani anaitumia siku hizi?" Chumba kikakaa kimya. Brayson akauchukua ukimya huo kuwa jibu. Simaloi alikuwa upande wa pili wa ukuta, anapokea simu.

Kesho yake asubuhi Simaloi alibonyeza swichi na Mjomba hakukohoa. Feni ilizunguka, diski ikanguruma, kisha kimya. Akabonyeza tena. Akagonga kisanduku, akapapasa nyaya zote, kila uzi ulikuwa mahali pake.

"Brayson!" akaita. "Mjomba yuko wapi?"

"Mjomba yupi, dada?" Brayson akaja na kikombe chake. "Aa, ile sauti ya kizamani! Nimeitoa, dada yangu. Ilikuwa inachelewesha. Sasa mashine inawaka chap, hata hujakaa vizuri kwenye kiti."

"Inamwakia nani?"

Brayson akacheka, akidhani ni utani. Akamweleza kwamba mfumo mpya unaitwa Mwanga kwa Wote, kwamba una sauti ya kisasa, ya kike, yenye Kiswahili fasaha, na kwamba sauti hiyo huanza kusema mara tu mtu akishaingia.

"Naingiaje?"

"Unaandika jina lako na neno la siri, halafu unanakili zile tarakimu zinazotokea kwenye skrini. Huwa zimepindapinda kidogo. Ni mambo ya usalama, dada."

"Brayson."

"Naam, dada."

"Hizo tarakimu nitaziona kwa macho gani?"

Brayson akanywa kahawa yake kidogo. "Hapo Prisca atakusaidia," akasema kwa furaha, kama mtu aliyekwishatatua jambo. "Na usidhani tulikurupuka. Tulishirikisha wadau. Kulikuwa na semina nzima."

Semina hiyo Simaloi aliikumbuka vizuri. Yeye ndiye aliyewapigia simu washiriki wote kuwaalika, na yeye ndiye hakualikwa.

Basi ikawa hivyo. Kila asubuhi Prisca, katibu muhtasi, alikuja kusimama nyuma ya kiti cha Simaloi, akaandika jina, akaandika neno la siri, ambalo ilibidi ajue, na kunakili tarakimu zilizopinda. Na kwa kuwa macho hayana mfuniko, alisoma na barua zilizofika. Prisca hana ubaya. Ana mdomo tu. Kulikuwa na mwanamume mmoja aitwaye Simel, mwimba besi wa kwaya, mgane mwenye utulivu, aliyekuwa ameanza kumwandikia Simaloi taratibu, barua fupi za kuulizia hali na mvua. Prisca alisoma moja kwa bahati mbaya. Saa saba mchana mlinzi wa getini alimfungulia Simaloi akiimba besi. Jioni hiyo Simaloi alimpigia Simel simu, akamwambia asiandike tena. Simel hakuuliza kwa nini. Hilo lilimkera Simaloi, na mara akajiona mjinga kwa kukereka.

Wiki chache baadaye hata ile sauti ya kike ikafa. Katika tupatupa yake Brayson alikuwa ametupa na kitu ambacho sauti hiyo ilikitegemea, na kila alipogusa huku pakavunjika kule. Mashine ikabaki bubu kutwa nzima. Simaloi akawa mtu wa kupokea simu na kusubiri, na huku shirika likitangaza tarehe ya uzinduzi rasmi wa Mwanga kwa Wote.

Mkurugenzi, Bwana Sumari, alimwita ofisini mwake. Bwana Sumari ni mtu mwenye sauti laini, anayeanza kila sentensi kwa kukushukuru.

"Nakushukuru sana, Simaloi, kwa uvumilivu wako. Siku ya uzinduzi utapanda jukwaani kuonyesha mfumo."

"Mfumo hausemi, Mkurugenzi."

"Nakushukuru kwa kuliona hilo. Brayson ameshapata ufumbuzi."

Ufumbuzi ulikuwa simu ya Brayson. Prisca alisharekodiwa humo, kwa sauti ya kitangazaji, akisema maneno yote ambayo kompyuta ingepaswa kusema. Simu ingefichwa chini ya kitambaa cha meza na kuungwa kwenye spika kubwa. Simaloi angebonyeza vitufe, na sauti ingefuata.

"Yaani niigize," Simaloi akasema.

"Ni maonyesho tu."

"Ya kitu ambacho hakipo."

"Kipo, ila hakijakamilika. Mgeni rasmi ameshathibitisha kuja, Simaloi. Huwezi kumwambia mgeni rasmi kwamba hakijakamilika."

Simaloi akasema anachotaka. Alitaka Mjomba arudishwe mezani kwake, na neno la siri lisilojulikana na mtu. Bwana Sumari akamshukuru kwa ombi hilo. Akaahidi kwamba uzinduzi ukipita salama, Jumatatu yake Mjomba atarudi. Simaloi akakubali. Njiani kurudi kwenye simu zake alijisikia kama aliyemeza kitu kichafu, lakini aliwaza zile asubuhi za Mjomba, hedifoni masikioni na dunia nje, na akaona kwamba kwa hilo ataigiza, na kama ni kuigiza ataigiza vizuri.

Siku ya uzinduzi uwanja wa ofisi ulifunikwa maturubai. Kulikuwa na keki yenye umbo la kompyuta, kulikuwa na utepe, kulikuwa na kwaya, na bango lililosema HAKUNA ATAKAYEACHWA NYUMA lilitundikwa juu ya ngazi za jukwaa ambazo watu wa viti vya magurudumu hawakuweza kuzipanda. Hao walipangwa mstari wa mbele, pembeni, mahali ambapo mpiga picha angewafikia kwa urahisi. Simaloi alivalishwa kitenge cha sare. Fundi wake hakuhusishwa, na kitenge kilimbana.

Safu ya nyuma alikaa shangazi yake Namnyaki, aliyeshuka kutoka Ngaramtoni asubuhi na mapema baada ya kusikia kwamba kutakuwa na pilau.

Bwana Sumari ni mtu wa kutazama mbele. Alijua umeme si wa kuaminiwa, kwa hiyo akakodi jenereta. Akaiunganisha panapostahili, yaani kwenye muziki. Sherehe ya Arusha haijawahi kuharibika kwa kukosa kompyuta, lakini kwa kukosa muziki zimeharibika nyingi. Spika, vipaza sauti, kinanda cha kwaya, vyote vikaingia kwenye jenereta. Kompyuta ikachomekwa ukutani, kwenye umeme wa kawaida, kama mtoto wa kambo.

Mgeni rasmi alifika amechelewa, kama inavyompasa. Akavishwa lubega, akakabidhiwa rungu, akatabasamu kwa picha. MC akatangaza kwamba itifaki imezingatiwa, kisha akaanza kuitaja itifaki hiyo jina kwa jina. Risala ikasomwa. Iliongea kuhusu watu wasioona kwa muda mrefu na kwa uchungu mkubwa, na Simaloi, aliyekaa hatua chache kutoka kwa msomaji, alijifunza mambo mengi kuhusu hali yake ambayo hakuwa akiyajua.

Ndipo akaitwa. Akakaa mbele ya mashine. Skrini ilielekezwa kwa mgeni rasmi, kwa heshima. Brayson akajipitisha karibu na meza, akagusa kitu chini ya kitambaa, akarudi nyuma. Simaloi akabonyeza kitufe.

"Habari za asubuhi, Simaloi," spika zikasema kwa sauti ya Prisca aliyejitahidi kuwa mtu mwingine. "Karibu kwenye Mwanga kwa Wote."

Watu wakapiga makofi. Simaloi akabonyeza tena, akasubiri, akabonyeza, kama walivyofanya mazoezi. Sauti ikasema ana barua moja mpya. Ikaisoma barua hiyo, ambayo ilitoka kwa Mkurugenzi na ilikuwa ya kumpongeza Mkurugenzi. Makofi tena.

Hapo Simaloi akasikia feni ya kompyuta inashuka, inashuka, inanyamaza.

Umeme ulikuwa umekatika. Chini ya vidole vyake kulikuwa na mashine iliyokufa, na kwenye spika, zilizokuwa zikinywa jenereta bila wasiwasi, sauti ya Prisca iliendelea: "Sasa tunaandika barua. Mpendwa mfadhili." Simaloi akaendelea kubonyeza. Aibu ilimshika, aibu ya wazi kabisa, ya kumchoma masikio, lakini aliwaza Jumatatu. Skrini si lazima ionekane. Labda mgeni rasmi anatazama keki.

Mgeni rasmi hakuwa anatazama keki. Alinyanyuka, akachukua kipaza sauti, akaielekezea rungu skrini nyeusi.

"Ndugu wananchi, mmeona?" akasema. "Umeme umekatika! Skrini imezimika, mimi mwenyewe nimeona kwa macho yangu! Lakini teknolojia inaendelea kuzungumza! Huu ndio ubunifu tunaoutaka. Nataka kompyuta hizi ziende kila shule ya wasioona katika eneo letu!"

Uwanja ukalipuka kwa makofi. Bwana Sumari akapiga makofi. Brayson akapiga makofi, akaacha, kisha akaona kwamba kuacha kunaonekana, akaendelea.

Simaloi akawaza bweni la shule yake. Akawaona watoto wamekaa mbele ya mashine za kimya, wameambiwa ni zawadi, wanabonyeza na kubonyeza, wakisubiri sauti ya Prisca. Hasira ikampanda ghafla, hasira kwa hawa wote, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ilikuwa ni ya vidole vyake mwenyewe, vilivyokuwa bado vinacheza juu ya kibodi kama punguani. Akavitoa. Akainua mikono yote miwili juu, juu kabisa, viganja vimefunguka, na kuiacha huko.

"Tunashukuru kwa msaada wenu," spika zikaendelea kuandika. "Tunaomba muuongeze."

"Ee!" shangazi Namnyaki akapaza sauti kutoka nyuma, kwa ile sauti inayoita ng'ombe upande wa pili wa bonde. "Mbona mikono yake iko juu na mashine inaandika?"

Kicheko kikaanza safu ya nyuma, kwa akina mama wa Ngaramtoni, kikasogea mbele. Watu wa viti vya magurudumu walikuwa wa kwanza kupiga mapaja yao. MC akaanza kusema kitu kuhusu utulivu. Brayson akaruka kuelekea mezani, akanasa mguu kwenye waya, na kitambaa kikashuka pamoja na keki iliyokuwa ukingoni mwa meza. Simu ikabaki mezani inawaka taa, na kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kukata mkia wa ile rekodi, spika zikatoa, kwa sauti ya kawaida kabisa ya Prisca:

"Imetosha, Brayson? Basi zima bana, mimi nina njaa."

Mikono ya Simaloi bado ilikuwa juu. Bwana Sumari alisikika akivuta pumzi ili kushukuru mtu, asipate wa kumshukuru. Na mgeni rasmi, ambaye hajawahi katika maisha yake ya utumishi kuzindua kitu kisichofanya kazi, akacheka kwa kishindo kwenye kipaza sauti.

"Hata utani inajua!" akasema. "Ndugu zangu, inajua hata utani!"

Makofi ya safari hii yaliyazidi yote ya nyuma. Utepe ukakatwa. Mgeni rasmi akaagiza mashine hiyo ipelekwe Nane Nane, kwenye maonyesho, ili wananchi waiulize maswali na ijibu. Kisha akaondoka na msafara wake, na watu wakala pilau.

"Mashine yako ina njaa kama mimi," shangazi Namnyaki akamwambia Simaloi, akiwa na nyama mdomoni. "Lakini yeyo, mama wee, mikono ulivyoinyanyua! Nilidhani wamekuelekezea bunduki."

Jumatatu Bwana Sumari hakumshukuru Simaloi kwa lolote. Alisema kwamba Simaloi amelisikitisha shirika, na kwamba makubaliano yao yalikuwa uzinduzi upite salama. Simaloi akakubali kwamba haukupita salama.

"Ila Nane Nane watu watauliza maswali," akasema. "Prisca hawezi kurekodiwa akijibu asichokijua. Ama mnapeleka mashine inayosema kweli, ama mnampigia mheshimiwa mkamwambia alizindua simu. Mimi nitakaa mbele ya Mjomba. Mbele ya kitu kingine sikai."

Bwana Sumari akamwita Brayson, akamuuliza itachukua wiki ngapi kumrudisha Mjomba. Brayson akachezea kitambulisho chake.

"Si wiki," akasema. "Kerneli ya zamani sikuifuta. Bado imo kwenye mashine."

"Imo?" Simaloi akauliza.

"Imo, dada. Ukiwasha tu, kabla haijaanza, kuna orodha fupi inatokea. Unashuka mstari mmoja, unabonyeza kitufe cha kuingiza, inakuja ile ya zamani na ule mlango wake wa maandishi matupu. Hauna zile tarakimu." Akakigeuza kitambulisho. "Sikujua kama ulikuwa unaihitaji hivyo."

"Nilikuambia."

"Uliniambia. Nilidhani umezoea tu."

Simaloi akacheka, na kicheko kilikuwa kichungu. Asubuhi zote zile, na Prisca nyuma ya kiti, na mlinzi akiimba besi, na Simel aliyeambiwa asiandike, kumbe Mjomba alikuwa amelala mle mle ndani, umbali wa mstari mmoja, akisubiri aamshwe. Ila orodha ile hutokea kabla kerneli yoyote haijaamka, na hapo hakuna wa kusema. Ilihitaji mtu mwenye macho aseme mara moja tu, na mwenye macho alidhani amezoea.

Wakaenda mezani. Brayson, ambaye masikio yake yalikuwa ya moto, tuseme ukweli tena, alifanya kazi nzuri. Akaiweka kerneli ya zamani iwe ya kwanza, akakichomeka kisanduku, akageuka akatazama ukutani wakati Simaloi anaandika neno la siri jipya. Mjomba akakohoa. Akazitaja diski zake kwa mafua yake yale yale, akavunja Kiswahili pale pale pasipovunjika. Prisca, aliyekuwa mlangoni, akapiga kigelegele, na Simaloi, ambaye hakupanga kulia, akalia kidogo.

Nane Nane ilikwenda vizuri. Watu waliuliza, Mjomba akasoma, watoto wakamcheka lafudhi, na shirika likapata cheti ambacho Bwana Sumari alikitundika ukutani kwake.

Siku ya kurudi kazini baada ya maonyesho, Simaloi aliwasha mashine, akafungua mlango wake, akavaa hedifoni. Kulikuwa na barua moja. Ilitoka kwa Mkurugenzi, ambaye naye hakuwa mwanamume wa kusema mambo ana kwa ana. Mjomba akaisoma polepole, bila huruma na bila haraka: shirika linamshukuru Simaloi kwa utumishi wake wa miaka mingi, na kutokana na mabadiliko ya muundo, mkataba wake ukiisha hautaongezwa.

Akamwamuru Mjomba arudie. Mjomba akarudia, kwa sauti ile ile.

Chumbani Prisca alikuwa anapiga soga na mhasibu kuhusu bei ya mahindi. Mlinzi alikuwa anafagia. Simaloi alikaa mikono imetulia juu ya kibodi, na uso wake akauacha kama ulivyokuwa. Baada ya muda akafungua ukurasa mpya na kuanza kuandika, "Simel, habari za siku nyingi," na Mjomba akamsomea kila herufi sikioni.

"Kuna habari gani huko leo?" Prisca akauliza.

"Za kwangu," Simaloi akasema.

Saa nne mpishi akaleta chai. Simaloi aliipapasa sahani kwa vidole, akazunguka ukingo wake wote, akarudia tena kuhakikisha. Andazi lilikuwa moja.